Mlonge unataka haraka, muhogo unataka muda: dawa iliyomo kwenye vyakula vyetu vya kusini inapotelea wapi baada ya kuvuna?

KinuNaMchi

Wakuu, habari za humu.

Kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Mtwara, la unga wa mlonge: "Vitamini C mara saba ya chungwa!" Hesabu hiyo imetoka kwenye majani mabichi. Majedwali yanayonukuliwa kila mahali yanayapa majani mabichi kama miligramu 220 za vitamini C kwa kila gramu 100. Ukishuka mstari wa pili, kwenye unga mkavu, unakuta kama 17. Chungwa la kawaida lina 50 hivi, maana yake hata majani mabichi yanalizidi mara nne na ushee tu. Kwa hiyo unga ule, gramu kwa gramu, unashindwa na chungwa, na hakuna anayekula gramu 100 za unga wa mlonge kwa siku. Anakula kijiko.

Sipingi mlonge. Nimesoma sayansi ya chakula Morogoro, na nyumbani tunaula kama mboga, na tui zito. Madini yake hayaendi popote: maji yakitoka, kalsiamu inabaki palepale, kwa hiyo kwenye unga inaonekana imeongezeka mara nne na zaidi. Ninachopinga ni kuamini kwamba mti ukishaitwa dawa basi chochote kitokacho kwake ni dawa, hata kama kimeanikwa juu ya bati hadi kikawa rangi ya kaki. Kati ya kuvuna na kumeza kuna kinu, kuna mkeka, kuna sufuria, na kila kimoja kinabadilisha kemia.

Jambo la kwanza la kujua ni vimeng'enya. Ndani ya jani au mzizi, kemikali fulani na kimeng'enya kinachoivunja huwa vinakaa vyumba tofauti. Ukitwanga, ukikata au ukitafuna, kuta zinabomoka, vinakutana, kinazaliwa kitu kipya ambacho hakikuwepo. Kitunguu saumu kizima hakina ile harufu. Kina aliini. Ukikiponda, kimeng'enya kinaigeuza aliini kuwa alisini, na hiyo ndiyo yenye ukali na sifa zote. Sasa mtu anatupa punje nzima kwenye mafuta ya moto: kimeng'enya kinakufa kabla hakijafanya kazi. Ponda, acha dakika kumi, ndipo upike.

Kwenye saumu tunataka kimeng'enya kifanye kazi. Kwenye majani ya mlonge ya kuhifadhi tunataka kisimame mapema, kwa sababu kadiri jani linavyokaa na unyevu ndivyo vitamini inavyoliwa na hewa na kijani kinavyokufa. Kwenye muhogo mchungu, kimeng'enya ndicho kinachomwokoa mlaji, ukikipa nafasi.

Kwa hiyo yule anayewaambia "kausha haraka ndiyo siri" amewaambia nusu. Kukausha haraka kunaufaa mlonge. Muhogo mchungu uliokaushwa haraka ukiwa mzimamzima unabaki na sumu yake ndani.

Karibuni. Wenye uzoefu wa Newala, Tandahimba, Kilwa, Nachingwea, semeni.

Mtoto wa Chikongola

Nimekaa paleee na kikombe changu cha chai ya tangawizi. Endelea mkuu.

Mzawa wa Newala

Mkuu KinuNaMchi, umegusa penyewe. Huku kwetu juu ya uwanda mihogo michungu ndiyo tunayolima zaidi, kwa sababu nguruwe pori na nyani hawaishambulii sana na inakaa ardhini hata miaka miwili. Tunamenya, tunapasua, tunaanika makopa. Wataalamu wanakuja wanasema "loweka siku tatu". Waniambie maji ya kulowekea nayatoa wapi. Ndoo moja mtu anaamka usiku kuitafuta, uimwagie mihogo?

Halafu makopa yetu watu wanayala tangu enzi za mababu.

Stima ya Lindi

Mzawa kasema kweli. Wazee wetu wamekula makopa, wamekula kisamvu, wameishi miaka 90. Haya mambo ya sianidi, hiyo sumu mnayosema imo kwenye muhogo, ni ya maabara. Mnataka tu watu waogope chakula chao waanze kununua unga wa ngano.

KinuNaMchi

Stima, nakujibu kwa heshima, ila hili si la maabara. Mwaka 1981, ng'ambo ya Ruvuma, mkoani Nampula, Msumbiji, zaidi ya watu 1,000 walipooza miguu ndani ya msimu mmoja wa ukame. Wengi wanawake na watoto. Ni Wamakua kama hawa wa Masasi na Nanyumbu, wanakula muhogo uleule. Mwaka 1985 yakatokea Tarime. Mwaka 2002 na 2003 yakatokea hapahapa mkoani Mtwara. Ugonjwa unaitwa konzo. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haiponi. Anabaki kutembea kwa ncha za vidole, au kwa fimbo mbili, au hatembei kabisa.

Ukitazama miaka hiyo, muhogo ulikuwa uleule wa siku zote. Ukame unaongeza sumu kwenye mizizi, na njaa inawafanya watu wafupishe kazi. Makopa ambayo mwaka wa neema yangekaa mkekani wiki mbili, mwaka wa njaa yanatwangwa baada ya siku mbili. Wazee hawakuwa na miili ya chuma. Walikuwa na muda, na walikuwa na samaki na kunde pembeni ya ugali.

Hilo la samaki si pambo. Mwili unaigeuza sianidi kuwa kitu kisicho na madhara makubwa kwa kutumia salfa, na salfa hiyo inatoka kwenye protini. Anayekula ugali wa muhogo mtupu mchana na jioni hana salfa ya kutosha. Ndiyo maana kwenye nyumba moja baba anayekula dagaa kazini hadhuriki na mama aliyebaki nyumbani anadhurika.

Sasa kemia yenyewe. Muhogo una linamarini. Chumba cha pili kina kimeng'enya, linamarasi. Vikikutana linamarini inavunjika, na mwisho wake ni gesi ya sianidi. Gesi hiyo inachemka kwenye nyuzi 26 hivi za Selsiasi, maana yake kwa joto la Mtwara inapaa yenyewe. Tatizo la kopa nzima ni kwamba ndani seli hazijabomoka. Jua kali linakausha haraka, kimeng'enya kinakosa maji ya kufanyia kazi, na linamarini inabaki imelala humo hadi ije imezwe. Ukikuna muhogo mbichi kama unavyokuna nazi, au ukautwanga ukiwa bado na maji yake, ukaulaza kidogo kabla ya kuanika, umeshabomoa kuta zote.

Na kisamvu ni habari hiyohiyo. Kinatwangwa kwanza ndipo kinachemshwa. Nimeona siku hizi watu wa mjini wanachemsha majani mazima ili wasage kwenye blenda baadaye. Hapo wameua kimeng'enya kwa maji ya moto na kuibakiza sumu. Twanga kikiwa kibichi, kisha chemsha bila kufunika sufuria.

Stima ya Lindi

Hiyo ya Nampula sikuwa nayo. Ila bado nasema tatizo ni umaskini, si muhogo.

KinuNaMchi

Hapo hatupingani hata kidogo.

BintiMikindani

Mimi ni muuzaji wa mlonge, nasema bila kuficha. Natengeneza mwenyewe, na maneno ya "rangi ya kaki" yameniuma kidogo kaka. Mnaongea kana kwamba kuanika kivulini ni rahisi. Njoo Mikindani mwezi wa pili. Hewa ina maji, upepo unatoka baharini una chumvi, unaweka majani kivulini siku ya tatu yanatoa ukungu mweupe unayamwaga yote. Ukiweka juani yanakauka siku moja. Na mteja anataka bei ya chini. Nikimwambia huu ni wa kivulini na ule ni wa juani, anachukua wa bei ndogo anaondoka.

KinuNaMchi

Dada BintiMikindani, samahani kama nimekugusa vibaya. Na ukweli ni kwamba kati ya jua na ukungu, jua ni afadhali. Ukungu unaweza kuleta sumukuvu, na sumukuvu haitoki kwa kuchemsha wala kwa kukaanga. Unga wa mlonge uliopauka hauna faida kubwa, lakini haumuui mtu ini.

Ila usikubali kuchagua kati ya hayo mawili. Kosa la kwanza ninaloona kwa wauzaji ni kuanika matawi na vijiti vyake. Kijiti kinakaa na maji muda mrefu kuliko jani, jani limeshakauka kijiti bado kinalilowanisha. Pukuchua kwanza, osha, kung'uta maji hadi yasidondoke, ndipo utandaze. Kosa la pili ni unene. Ukishindwa kuuona wavu chini ya majani, umetandaza mengi. Weka kwenye fremu ya mbao yenye wavu wa chandarua, iinuke kutoka chini ili hewa ipite juu na chini, na sehemu yenyewe iwe na upepo bila jua la moja kwa moja. Jioni ingiza ndani, funika. Jani kavu la Mikindani likilala nje usiku mmoja linakunywa umande na unaanza upya.

Kipimo: likunje jani mkononi. Likivunjika kwa sauti na kuwa vumbi, tayari. Likijikunja na kurudi, bado.

Na kuanzia Januari hadi Aprili, kwa pwani ile, bila kaushio la sola lenye paa la nailoni na tundu la kutolea hewa juu, mimi nisingefanya biashara hiyo kabisa. Kausheni Juni hadi Oktoba, mhifadhi. Joto ndani ya kaushio lisizidi nyuzi 50 hivi. Karotini ile inayotupa vitamini A inavumilia joto la wastani, lakini mwanga wa jua unaichoma. Ndiyo maana hata baada ya kukausha vizuri, ukiuweka unga kwenye kopo la plastiki linaloonyesha ndani, juu ya meza barabarani, unaharibu kazi yote kwa wiki chache.

BintiMikindani

Hilo la kopo nimelipata. Lakini mteja asipouona ukijani hanunui! Anataka auone.

Kaka wa Masasi

Naomba kuuliza. Mimi natwangisha mlonge na tangawizi kwenye mashine ya kusagia sembe. Unga unatoka laini sana ila ni wa moto, hadi mfuko unatoa jasho. Kuna shida?

KinuNaMchi

Shida tatu, kaka. Ule moto unaendeleza uharibifu ambao kivuli kilikuepusha. Ile jasho ndani ya mfuko ni maji yanayorudi kwenye unga, na hapo ukungu unapata makazi, kwa hiyo tandaza upoe kabla ya kufunga. Na mashine ile imesaga mahindi ya watu asubuhi nzima, kwa hiyo unga wako unabeba mabaki yao, pamoja na sumukuvu kama mahindi yalikuwa mabovu.

Kwa tangawizi kuna la zaidi. Ukiingia mashineni ukasikia harufu ya tangawizi imejaa chumba kizima, ujue hayo ni mafuta yake yanayoondoka. Harufu iliyojaa hewani haimo tena kwenye mfuko.

Mtoto wa Chikongola

Na mimi na chai yangu je? Tangawizi kavu na mbichi ipi ina nguvu?

KinuNaMchi

Zina nguvu tofauti. Mbichi ina jinjeroli. Ukiikausha kwa joto, jinjeroli inapoteza maji na sehemu yake inageuka shogaoli, ambayo ina ukali zaidi ya mara mbili ya jinjeroli kwenye kipimo cha pilipili. Ndiyo maana kijiko cha unga kinakuchoma koo kuliko kipande kibichi. Ukichemsha muda mrefu unapata kitu cha tatu, zingeroni, kitamu na kipole. Kwa hiyo anayekwambia "kavu imekufa" hajui, na anayekwambia "ni kilekile" naye hajui.

Mchaichai ni hadithi nyingine. Karibu thamani yake yote imo kwenye harufu. Ukiuanika juani hadi uwe nyasi, umebaki na nyasi.

Mama Ufuta

Mbona hamjataja ufuta na sisi Lindi ndio kwetu? Sisi tunakaanga kidogo kabla ya kutwanga. Tunaharibu?

KinuNaMchi

Shikamoo mama. Ukikaanga kidogo huharibu, unatengeneza. Ufuta una sesamolini, na joto linaigeuza kuwa sesamoli, inayozuia mafuta yasivunde. Mafuta ya ufuta uliokaangwa yanakaa vizuri kwa sababu hiyo. Ila uishie pale mbegu zinapoanza kulia na kunukia. Zikiwa nyeusi, umevuka.

Na nikuongezee: ufuta una methionini nyingi, moja ya asidi amino (vipande vinavyojenga protini) zenye ile salfa niliyoitaja juu. Mwenye ugali wa muhogo na mboga iliyoungwa ufuta ana kinga ambayo mwenye ugali na chumvi hana.

Babu wa Nachingwea

Wajukuu, nawasoma tangu asubuhi. Mmesahau ndiga. Mwaka wa njaa tulikuwa tunachimba porini. Ming'oko unaijua mwenyewe, unachemsha unakula na chumvi na pilipili, hata mjini vijana wanaitembeza. Ndiga siyo hivyo. Ndiga unakata vipande vyembamba, unaweka kwenye kikapu, unakiweka mtoni kwenye maji yanayotembea, kinakaa siku kadhaa. Unaosha tena kwa chumvi. Unaanika. Aliyefanya haraka alilewa, wengine walikufa. Na hata ukiianika miezi mitatu bila mto, bado inaua. Sasa wewe mwanangu unasema sumu inapaa hewani. Ya ndiga mbona haipai?

KinuNaMchi

Shikamoo babu. Swali zuri kuliko yote ya uzi huu.

Sumu ya ndiga ni ya aina nyingine, inaitwa dioskorini. Haivunjiki ikawa gesi. Inayeyuka kwenye maji. Kwa hiyo jua haliigusi, mkeka hauigusi, lakini mto unaibeba. Vipande vyembamba ni ili maji yafike ndani, na maji yatembee kwa sababu yakisimama yanajaa sumu na hayavuti tena. Muhogo unapona kwa kubomolewa na kupewa hewa. Ndiga inapona kwa kuoshwa. Mtu akichukua ufundi wa kimoja akautumia kwa kingine, anazika ndugu.

Na kwa vijana wanaosoma: msiende kuchimba ndiga kwa sababu mmesoma hapa. Babu amefundishwa akiwa porini, kwa mikono.

Kaka wa Masasi

Na mabibo? Msimu wa korosho yanaoza chini ya miti. Yakikaushwa kuwa kochoko (mabibo makavu) yanabaki na faida?

KinuNaMchi

Bibo bichi lina vitamini C kulizidi chungwa kwa mbali, mara nne au tano. Likikaushwa juani sehemu kubwa inakwenda, sukari inabaki, ndiyo maana mwisho wa kochoko nyingi mnaujua wenyewe, ni kwenye mtungi wa pombe. Ukakasi wake ni tanini, na hupungua ukilipitisha kwenye mvuke au maji ya chumvi. Mkitaka faida ya vitamini, kamueni juisi siku hiyohiyo. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele wamefanyia kazi bidhaa za mabibo, aliye karibu aende akaulize.

Ganda la korosho ni jambo jingine kabisa. Mafuta yake yanaunguza ngozi, waulizeni kina mama wanaobangua. Kuna watu wanayapaka kwenye vidonda kama dawa. Acheni.

Jirani wa Ligula

Mama yangu ana presha na sukari, ananunua choya (rozela) na mlonge kila wiki, na sasa anataka kuacha vidonge. Kwa mnavyoeleza, nimwambie nini?

KinuNaMchi

Mwambie asiache vidonge. Choya imepimwa kwa watu na inashusha presha kidogo, hilo ni kweli, lakini kidonge kina kipimo kilekile kila siku. Choya ya wiki hii imekaushwa Juni kivulini, ya wiki ijayo ilipigwa na jua na mvua na kuanikwa tena. Wekundu wake ni antosayanini, unafifia kwa joto na mwanga, kwa hiyo ikiwa imepauka kuwa kahawia amenunua uchachu tu. Aendelee kunywa bila sukari, na amwambie daktari wake kwamba anakunywa.

Mzawa wa Newala

Mkuu, narudi kwenye langu. Mama kasikia habari ya konzo kanipigia simu. Mihogo tayari ni makopa, yako darini. Hatuwezi kuikuna tena. Afanye nini, na maji hakuna?

KinuNaMchi

Ipo njia, na inatumia maji kidogo. Iliandaliwa na mtafiti wa Australia, Howard Bradbury, na imetumika hapa kwetu na Msumbiji.

Atwange makopa apate unga kama kawaida. Achukue beseni, aweke unga wa mlo wa siku hiyo, ausawazishe bila kuushindilia, atie alama ya mkaa pale unga unapoishia. Kisha atie maji kidogokidogo huku akichanganya. Unga utashuka kwanza, baadaye utapanda. Ukirudi kwenye ile alama, aache, hayo maji yametosha. Autandaze kwenye ungo au mkeka safi, usizidi unene wa sentimita moja. Juani saa mbili, kivulini saa tano. Kimeng'enya kilichokuwa kimelala kwenye unga kinaamka, gesi inatoka. Sumu inapungua mara tatu hadi sita.

Kisha asonge ugali siku hiyohiyo.

Mzawa wa Newala

Anauliza kama anaweza kulowanisha mwingi akauanika ukauke, auweke wa wiki nzima. Na ladha?

KinuNaMchi

Wa siku hiyo tu. Unga mbichi ukilala unachacha, na ukungu haukawii. Ladha: uchungu utapungua, na ugali utakuwa laini kidogo, apunguze maji ya kusongea kwa sababu unga tayari una yake.

BintiMikindani

Kaka KinuNaMchi, kabla hujaondoka: hizo fremu za wavu, chandarua cha zamani chenye dawa kinafaa?

KinuNaMchi

Hapana dada. Dawa ya mbu itaingia kwenye majani. Nunua wavu mpya wa madirisha, ule wa nailoni, dukani kwa wauza vifaa vya ujenzi.